Bangili za Jumatatu

Hansa alikuwa na kazi za watu watatu, na bado Mungu alitaka Jumatatu yake. Alfajiri amchome mumewe, Vasant, sindano ya sukari. Kisha apike chapati. Kisha afungue duka lao la vyombo mjini Mtwara, abishane na wanunuzi wa sufuria mpaka koo limkauke. Sukari ilikuwa imeyala macho ya Vasant, akabaki kuona vivuli tu. Ndipo Hansa akaweka nadhiri kwa Shiva, mungu wa Kihindu: kila Jumatatu hatasema neno mpaka taa ya jioni iwashwe, ili mumewe arudishiwe macho.

"Nadhiri nzuri hiyo," Vasant alimtania. "Angalau mara moja kwa wiki nitapumua."

Wakapatana. Jumatatu Vasant akiuliza njia, Hansa atatikisa bangili: mara moja, pita; mara mbili, simama hapo hapo. Mambo yakaenda.

Jumatatu ile Yustina, aliyewasaidia kazi za nyumbani, alikuwa msibani kwao Mnazi Bay. Gesi ikaisha chapati zikiwa mbichi. Mtu wa bodaboda alipoleta mtungi mpya, Hansa alikuwa keshaoga kwa ajili ya sala na kachelewa, basi akamwonyesha kwa kidole: weka hapo koridoni. Atausogeza akimaliza. Nani asingefanya hivyo?

Akaingia chumba cha sala, akainua chombo cha shaba kwa mikono miwili, akaanza kulimiminia maziwa jiwe la Shiva. Maziwa hayo humiminwa kama uzi, na uzi haukatizwi.

"Hansa!" Vasant aliita kutoka chumbani. "Nipite? Kuna kitu njiani?"

Mtungi! Lakini mikono yote ilikuwa kwenye chombo, mdomo una nadhiri, na maziwa yalikuwa yamebaki kidogo tu. Atasubiri, alijiambia, siku zote husubiri. Akakiinamisha chombo zaidi ili amalize upesi. Bangili zikateleza mkononi, zikalia.

Mara moja.

"Haya, nakuja," alisema Vasant.

Hansa alipiga kelele zilizosikika mtaa wao wote wa Magomeni, ila kelele zilikuja baada ya kishindo. Alimkuta kando ya mtungi, kichwa kwenye ngazi ya saruji.

Hospitalini daktari hakumficha. Matumaini ni madogo, alisema, lakini mama aongee naye, amwite, huenda akasikia.

"Baba Nilesh," Hansa aliita, kwa jina la mtoto wao.

"Mwite kwa jina lake, mama."

Maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kulitamka. Kwao mke hataji jina la mume, ni kumpunguzia umri. Akainama sikioni.

"Vasant."

Kope halikutikisika. Aliita tena na tena, mpaka wagonjwa wa jirani wakageukia ukutani kwa huruma.

Jumatatu iliyofuata Yustina alimletea hospitalini maziwa kwenye chupa. "Ya sala, mama. Nimeona ni siku yako."

Hansa hakuyagusa. Bangili alikuwa amezivua, zimo kwenye pochi. Siku hiyo aliongea tangu asubuhi bila kupumzika, na saa ya taa ya jioni ilipopita bila taa kuwashwa alikuwa bado anaongea, sauti imemkauka, ameushika mkono wa mumewe ambaye hajazinduka.

"Mlango uko kulia kwako. Nyoosha tu, usiogope. Mtungi nimeshautoa. Pita, Vasant. Hakuna kitu njiani."