Toa Hizo "Tafadhali"

Mama Pasi, kama wateja wake walivyomwita, alikuwa amemaliza miaka kumi na mmoja hajaomba sala ya maana. Kusali alisali, ile ya kukariri, mdomo uko huku na moyo uko kule. Tangu bintiye aondoke na kibegi cha buluu, akisema atarudi Jumapili, mama aliogopa kwamba akifungua kinywa mbele ya Mungu yatamtoka yasiyo na adabu. Basi akanyamaza. Kila Jumamosi alilipiga pasi gauni la binti, lile la kijani lenye vifungo sita, akalitundika tena.

Siku moja Mwalimu, mstaafu aliyekuwa akitafsiri Maandiko ya Waebrania kwa lugha ya kwao, alimwita ofisini. Kazi yenyewe nyepesi: usomewe, kisha useme kwa maneno yako ulichosikia, ijulikane kama tafsiri imeeleweka. Meza moja, viti viwili, na feni inayolia kama bawaba kavu.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma zaburi ya mtu aliyefikwa na msiba. Ee Bwana mwema, tafadhali, ukipata nafasi, tafadhali utuangalie.

"Haya, Mama Pasi. Umesikia nini?"

"Nimesikia mtu anaomba chumvi kwa jirani."

"Chumvi?"

"Tena jirani mwenyewe hawajazoeana. Huyo hana msiba, Mwalimu. Mwenye msiba gani anasema 'ukipata nafasi'?"

Mwalimu akakohoa. "Ni Mungu huyo, mama yangu, si mwenzio."

"Kwani hao Waebrania walisemaje?"

Mwalimu akashusha sauti kama mtu anayesengenya. "Wenyewe wanamjia juu. Wanamuuliza kwa nini amewapa kisogo. Wanamwambia aamke! Mimi nimeona haya kuandika."

"Na yamo humo? Kwenye Maandiko yenyewe?"

"Yamo. Tena mengi."

Mama Pasi akakunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Haya, andika," akasema, macho yakipita juu ya kichwa cha Mwalimu. "Wewe! Umemweka wapi? Miaka kumi na mmoja nakuuliza kimoyomoyo, unajifanya hujasikia. Gauni limepauka kwa pasi. Mlango nisiufunge mpaka lini?"

Kalamu ya Mwalimu ilisimama. Kisha akainama, akaanza kukata "tafadhali" moja baada ya nyingine.

"Mwishoni alijibiwa?" Mama Pasi akauliza, akijifuta uso.

"Hapa hakuna jibu. Anauliza, zaburi inaisha."

"Basi na wewe usimtungie."

Nyumbani, ingawa haikuwa Jumamosi, alitia makaa kwenye pasi, akalitandaza gauni la kijani mezani na kulinyunyizia maji. Jirani aliyekuwa akianua nguo alisikia sauti dirishani, akadhani mwenzake amepata mgeni.

"Haya," Mama Pasi alikuwa akisema, "tuanze na ile Jumapili."