Haki ya Sarafu

"Mpira naujua kuliko hata aliyeuanzisha," alijigamba Bibi Kicheko pembeni mwa uwanja, kisha akakohoa. "Ila sijui kwa nini yule wa langoni peke yake anaruhusiwa kuushika."

Majirani wakaangua kicheko, naye akaendelea kuchambua maharage. Jicho lake lakini lilimfuata mumewe, Refa, aliyetamba uwanjani kifua mbele kama jogoo. Kila mpira ulipotoka nje alinyoosha mkono: wa maseremala, au wa washonaji. Akipatia, Bibi aliangusha punje sufuriani. Akikosea, kwenye mfuniko.

"Mzee anatenda haki," nahodha wa maseremala alimwambia. "Anatuonea sisi, na wao anawaonea. Hana wake."

Bibi alitazama sufuria, akatazama mfuniko. Jumamosi kadhaa sasa mafungu yalilingana. Shule aliiacha mapema, lakini sarafu alizirusha sana utotoni: ukiirusha mara nyingi, kama nusu huangukia uso huu, nusu uso ule. Mla rushwa angeelemea upande mmoja. Aliyechoka angeharibu kipindi cha pili. Huyu, kati ya jezi nyekundu za maseremala na za bluu za washonaji, alipatia nusu na kukosea nusu, tangu filimbi ya kwanza. Hakuwa akiamua, alikuwa akibahatisha. Haki waliyoisifu ilikuwa haki ya sarafu, na sarafu haina macho.

Uwanjani si neno. Nani aliwahi kufa kwa mpira wa kurusha? Lakini siku za shule mzee huyohuyo ndiye aliyeendesha gari la wanafunzi, na mjukuu wao alikaa kiti cha mbele. Juzi tu gari lilirudi na mkwaruzo ubavuni, naye akalilaumu lango la shule.

Jumatatu asubuhi Bibi alimkuta keshashika usukani, injini inanguruma.

"Mume wangu, macho yanaendeleaje?"

"Kama ya mwewe. Umeanza tena, bibi wee?"

"Twende kwa daktari."

"Aninyang'anye gari? Halafu tule filimbi?"

Bibi alicheka, kicheko kikavu.

"Haya, mwewe. Mjukuu wako yule mlangoni anakupungia, nawe umemnunia."

Refa aligeukia nyumba, akatabasamu, akainua mkono. "Namwona! Kapendeza leo na sweta lake."

Mlango ulikuwa umefungwa. Nyuma ya gauni la Bibi ikatoka sauti ndogo:

"Babu, mimi niko huku."