Kura Tunazo, Kiti Je?

Jumapili moja ya Februari 1995, chama cha watu wa Kivu mjini Brussels kilikutana katika ukumbi wa parokia, Schaerbeek, kuchagua rais. Kahambu, mwanamke kijana, mwanafunzi wa historia aliyeishi Etterbeek, alipata kura thelathini na moja. Papa Jean-Baptiste, aliyekiongoza chama kwa miaka sita, alipata ishirini na nne. Kahambu akaenda mbele, akaketi kwenye kiti cha rais.

Wazee wakanong'onezana pembeni. Kisha Papa Jean-Baptiste akaja na karatasi za kanuni.

"Bon, mwanangu, inuka mu hiki kiti," alisema kwa upole. "Kanuni inasema wanamuke wanaweza kupiga kura. Haiseme kama wanaweza kuchaguliwa."

Kahambu akabaki kwenye kiti.

"Papa, hayo maneno nayajua. Mwaka muzima nayasoma."

Mwaka huo alikuwa akiandika tasnifu juu ya Elias Pruitt, mhunzi Mweusi wa jimbo la Georgia, Marekani. Akawasimulia. Pruitt alizaliwa mtumwa, akajifunza kusoma ukubwani, baada ya vita vilivyowapa watumwa uhuru. Mwaka 1868 watu wa wilaya yake wakamchagua kuingia baraza la jimbo. Mwezi wa tisa Wazungu wa baraza hilo wakawafukuza wenzao Weusi. Walidai sheria imewapa Weusi haki ya kupiga kura, ya kuchaguliwa haikutajwa.

"Na yeye akafanya nini?" aliuliza maman Alphonsine, mlezi wa wagonjwa huko Woluwe, ambaye bado alikuwa na sare ya kazi.

"Aliwaambia, hamukunipa hiki kiti, hamuwezi kunitoa. Wakamutoa kwa nguvu. Alors, akatembea kijiji kwa kijiji, anaandika majina ya watu wenye walimuchagua. Wakachoma nyumba yake, akaendelea. Mu 1870 Washington ikalazimisha warudishwe. Akaingia kwa mulango ule ule."

"Sisi hatuko Wazungu wa Georgia," alisema Papa Jean-Baptiste, na sauti yake ilionyesha ameumia.

"Ndiyo, papa. Njo maana inaniuma zaidi. Siinuke."

Maman Alphonsine akabeba kiti chake, akakiweka kando ya Kahambu, akaketi. Claudine, aliyekuwa ameketi jirani yake, akamfuata, kisha wanawake wengine, na wanaume wachache waliokwepa kutazamana na wazee. Papa Jean-Baptiste akatangaza mkutano umefungwa, akatoka na muhuri wa chama mfukoni. Kahambu akafungua daftari, akasoma ajenda ya kwanza: familia mpya za wakimbizi, na nani atazisindikiza komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, kujiandikisha.

Kwa miezi mitatu wazee walikutana peke yao nyumbani kwa mmoja wao. Lakini wakimbizi walikwenda pale waliposaidiwa, na Jumapili baada ya Jumapili ukumbi wa Schaerbeek ulizidi kujaa.

Mwezi wa tano Papa Jean-Baptiste akaingia, akaketi safu ya nyuma, akauweka muhuri magotini. Mjadala ulipopamba moto aliinua mkono, akangoja.

"Madame la présidente," alisema, "naomba neno."

Kahambu akampa.