Mwanamume Aliyeupa Mchanga Mgongo

"Sijakataa kutembea, Winnie. Nimekataa kudanganywa. Mchanga hauimbi."

"Unaimba, Mama. Watu wanatoka Ulaya kuja kuusikia."

"Watu wa Ulaya hulipa hata kumwangalia ngamia aliyelala. Leo Ijumaa wenzako wote wako Mesaimeer kanisani, wewe unanipeleka jangwani na mwanamume aliyekataa hata salamu yangu."

Tulikuwa tumegombana hivyo tangu nyumbani kwake, mtaa wa Al Sadd, na sasa majengo ya Doha yalikuwa yamebaki nyuma. Winfred ni binti yangu wa kwanza, nesi, mwaka wa nne huku. Nilikuwa nimekuja kumtembelea, na Jumapili ningerudi Kimilili. Jumamosi ya wiki inayofuata watu wa akina Arnold wangekuja nyumbani kumposa. Arnold ni mwalimu, familia yake tunaifahamu, na mimi nilishawapa neno. Nilitaka tu Winnie aniambie "sawa" kwa mdomo wake kabla sijapanda ndege. Lakini kila nikimuuliza, ananitoa matembezi. Leo makumbusho, kesho sokoni, sasa mchanga. Mtu anayekuzungusha namna hiyo ana kitu anaficha.

Halafu huyu Benard. Winnie alisema ni mwenzake wa kanisani, fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja West Bay, kijana wa Nakuru aliyejitolea kutuendesha. Asubuhi nilipomnyooshea mkono, aliuficha wake mgongoni akasema ana mafua. Mafua gani hayo, hata chafya moja hakuna? Alinifungulia mlango wa nyuma akiangalia viatu vyake. Na kile kioo cha ndani, cha dereva kuonea nyuma, alikuwa amekigeuza kikatazama paa.

"Benard," nilisema, "unaendeshaje bila kuona nyuma?"

Hakunijibu mimi. "Winnie, mwambie Mama vioo vya pembeni vinatosha."

"Niko hapa hapa! Mimi ni kiziwi?"

"Ana haya tu, Mama," Winnie akasema.

"Mwenye haya na mwenye hatia wote huangalia chini."

Mabega ya Benard yalipanda kidogo.

Lami iliisha. Benard akashuka, akapunguza upepo kwenye magurudumu, tukaingia mchangani mpaka chini ya kilima kirefu, cha rangi ya unga wa wimbi, kilichopinda kama mundu. Watalii walikuwapo tayari, wanawake wachache na kundi la wanaume wenye simu mikononi.

Tulikula kwanza. Kuku nilikuwa nimempika mwenyewe alfajiri, pamoja na firigisi. Winnie alipakua. Benard akachukua sahani yake, akazunguka gari na kwenda kula upande wa pili, amesimama juani, ilhali kivuli chote kilikuwa upande wetu. Nikapekua sufuria.

"Firigisi iko wapi?"

"Sijui, Mama. Imepotea."

"Firigisi haina miguu."

Kwetu firigisi huliwa na mwenye nyumba. Hapo hapakuwa na nyumba, na mwanamume alikuwa mmoja. Nikaanza kumpima upya. Anaukamua mshahara wa binti yangu? Ni mume wa mtu? Mwanamume anayekwepa macho ya mama wa msichana ana mke mahali, nilijiambia, na kabla ya Jumapili nitamjua huyo mke kwa jina.

"Twende juu," Winnie alisema haraka. "Leo ni pakavu na kuna upepo. Unakaa kitako, unateleza, unausukuma mchanga kwa visigino. Ndipo unapoimba."

Nilipanda nikihema. Huko juu nilichokoa mchanga kwa kidole cha mguu hapa na pale, nikitafuta spika iliyofukiwa. Sikuona. Nikakaa, nikajisukuma.

Kwanza kimya. Kisha kitu kikaanza kunguruma chini yangu, sauti nzito, kama kinu cha kusagia mahindi kikiwa ng'ambo ya mto. Ilipanda kwenye nyonga, ikaingia kifuani, mpaka meno yakatetemeka. Nikaacha kusukuma. Kilima kikaendelea kuvuma kidogo, ndipo kikanyamaza.

Nilikuwa nimefika chini na kitenge changu kimepanda mpaka mapajani. Wale wanaume walikuwa wakicheka na kunielekezea simu. Nilivuta kitenge nikageuka kumtafuta Benard nimwambie awafukuze.

Benard alikuwa ameupa mchanga mgongo. Alikuwa amejifunika koti kichwani, uso ameuelekeza kwenye mlango wa gari, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nikasahau kuimba kwa mchanga.

Kwetu mwanamume hampi mkono mama mkwe wake. Hali naye chakula pamoja. Hamkazii macho, na kumwona akiwa amefunuka ni mkosi. Heshima hiyo mtu hampi mama wa rafiki, wala mama wa msichana anayemtongoza. Humpa akishaoa.

Winnie aliteleza akasimama kando yangu, anacheka. "Umeusikia?"

"Mlioana lini?"

Kicheko kikakatika. Aliangalia koti la Benard, akaniangalia mimi.

"Agosti. Nilipokwenda likizo. Tulipitia kwa msajili wa ndoa Nairobi kabla sijafika nyumbani."

"Na huyu si wa Nakuru."

"Alizaliwa Nakuru. Kwao ni Webuye."

"Nilijua. Mtu wa Nakuru angenipa mkono."

Akaanza kulia. "Nilitaka kukwambia, Mama. Ukanipigia simu ukasema watu wa Arnold umeshawapa neno. Hukuniuliza."

"Ungesema siku hiyo hiyo. Mdomo ulikuwa nao."

Benard akaita kutoka ndani ya koti, "Winnie, mwambie Mama samahani."

"Mwambie nimesikia," nilisema. "Na umwambie posa haiombwi kwa mgongo. Ana wazee, awatume. Ana mke Webuye?"

"Hana, Mama!"

"Webuye si mbali na kwetu. Nitauliza mwenyewe."

Winnie alinishika mkono. "Basi usiwaambie akina Arnold sasa. Ukifika nyumbani sema nimenyimwa likizo, tuahirishe. Watachoka wenyewe."

Nilimfikiria Mama Arnold. Wiki ijayo angeanza kuita mashangazi, kutafuta gari la kuwaleta, kununua sukari na blanketi za kutuletea. Watu waje mpaka mlangoni kwangu kuomba mke wa mtu, na mimi niwamiminie chai?

Nikatoa simu mkobani, nikapuliza mchanga kwenye kioo, nikampigia.

"Mama, tafadhali!"

"Nyamaza. Inaita."

"Mama Winnie!" Mama Arnold alipokea kwa furaha. "Huko Arabuni kwema?"

"Kwema. Mama Arnold, kaa chini. Ile Jumamosi msije. Neno nililowapa nalirudisha. Winnie ameolewa tayari, na mimi nimejua sasa hivi."

Nilisikia akivuta kiti. "Ameolewa na nani?"

"Na mtu wa Webuye."

"Ni mtu mzuri?"

Nilimtazama Benard, na koti lake, na mgongo wake.

"Bado namchunguza," nilisema, nikakata simu.