Jibu la Kwanza

Nilipanda ngazi za wodi ya tatu nikiwa na aproni ya maabara na glavu mkono mmoja, na kila aliyenipisha alifanya la maana. Kaka yangu alikuwa amenipigia simu. "Mdogo wangu, njoo uage," alisema. "Mama ameshindwa mtihani. Nimeshatia sahihi. Saa nne wanamchukua."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mama alikuwa amepata kiharusi wiki mbili kabla. Kidogo tu. Nasema kidogo kwa sababu niliiona picha ya kichwa chake, na kazi yangu ndiyo hiyo: miaka ishirini na miwili nakata bongo za marehemu katika chumba cha chini cha hospitali hii, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, naviweka chini ya hadubini na kuandika nilichokiona. Doa la Mama lilikuwa sawa na punje ya harage. Mkono wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Akawa anasema neno moja, anapumzika, ndipo anasema la pili. Lakini alidai chumvi kwenye uji, na alishamwambia nesi kuwa shuka halikufuliwa vizuri. Mtu aliyekufa ubongo halalamikii shuka.

Mtihani wenyewe ni wa Wageni. Waliposhuka kutoka huko juu angani, miaka tisa iliyopita, tuliambiwa wamekuja kujifunza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wetu tuliwapa hospitali.

Sina ugomvi na maumbile yao. Niliwahi hata kukata ubongo wa mmoja wao, alipofariki na wenzake wakaturuhusu, na nilistaajabu mpaka nikasahau chakula cha mchana. Ubongo wa Mgeni hauko kichwani. Umelala mgongoni, chini ya ngozi inayopitisha mwanga, na umegawanyika vijumba vijumba mfano wa sega la nyuki. Kila jambo lina kijumba chake. Ukimuuliza Mgeni mama yake ni nani, kijumba kimoja kinawaka, kimoja tu, na jibu ni hilo. Hawasahau wala hawachanganyi. Siku vijumba viwili vikiwaka kwa swali moja, wanajua ubongo umeanza kuvuja, na mwenye nao huomba mwenyewe utolewe, usomwe, na kumbukumbu zake ziwekwe kwenye kisanduku kabla hazijapotea zote. Kwao huo ni wema.

Wema huo wakatuletea na sisi, na wakubwa wa hospitali wakapiga makofi. Mgonjwa wa kiharusi anaulizwa maswali arobaini. Jibu la kwanza ndilo jibu. Akichanganya watu wa nyumbani kwake mara tatu, ubongo wake unahesabiwa kuwa unavuja. Familia inatia sahihi, ubongo unatolewa, na ndugu wanakabidhiwa kisanduku kinachojibu maswali kwa sauti ya marehemu. Nyama inaletwa chini kwangu.

Kaka alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba. Ni dereva wa lori, mtu wa miraba minne, na alikuwa akilia bila kujifuta.

"Alishindwa swali gani?" nilimuuliza.

"La picha. Walimwonyesha picha yako, akataja jina langu. Wakamwonyesha ya marehemu dada, akataja langu. Ya mwanangu, langu tena." Akapandisha kamasi. "Nikajua basi, amebaki na mimi tu kichwani."

"Na wewe ukafurahi!"

"Mdogo wangu, jamani..."

"Kaka, ulikulia nyumba gani wewe? Mama amewahi lini kuniita kwa jina langu akapata kwa mara moja?"

Mimi ni kitinda mimba. Mama akinitaka huanzia juu: jina la kaka, kisha la dada, kisha la paka, ndipo afike kwangu. Paka mwenyewe alikufa nikiwa darasa la sita, na mpaka leo ananitangulia. Zamani orodha ilipita kwa pumzi moja, nami nilishazoea kuitikia kwenye paka ili kuokoa muda. Sasa ulimi ulikuwa mzito na orodha ikawa inachukua dakika nzima. Nao walikuwa wanaandika jina la kwanza na kufunga faili.

Niliusukuma mlango. Ndani walikuwamo daktari mkuu, nesi wa zamu, wabeba machela wawili, na yule Mgeni mtahini ambaye manesi walimpa jina la Daftari kwa kuwa hasahau kitu. Mama alikuwa ameketishwa kitandani. Walikuwa wameshamnyoa nywele. Kipara chake kilikuwa kimechorwa mstari wa bluu kutoka sikio hadi sikio, pale msumeno ungepita.

Nilikwenda nikasimama kati ya machela na kitanda.

"Fundi, huku si kwako," daktari alisema.

"Bongo zote za wodi hii zinaishia kwangu, daktari. Leo nimepanda kuwatazama wanaoniletea."

"Dada, naelewa uchungu wako..."

"Huelewi! Una watoto wangapi?"

"Watatu. Lakini hilo..."

"Na hujawahi kumwita mmoja kwa jina la mwenzake?"

Daktari akalitazama faili lake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Nesi, bila kuulizwa, akasema kutoka dirishani, "Mimi wangu huwa naanza na la mbwa." Mbeba machela mmoja akacheka, kisha akajiona na kukohoa.

Nilimgeukia Daftari. "Muulize tena. Halafu usubiri."

"Jibu la kwanza ndilo jibu," alisema kwa ile sauti yao ya upole inayoudhi. "La pili linatoka wapi? Kwetu la pili halipo."

"Kwetu lipo. Na la tatu lipo. La tatu ni la paka. Uliza!"

Akamtazama daktari. Daktari akaitazama saa ya ukutani, akainua mabega. Daftari akashika picha yangu mbele ya macho ya Mama. "Huyu ni nani?"

Mama aliitazama sana. Kidevu kikamtetemeka. Akataja jina la kaka.

Mkono wa Daftari ukaenda kwenye karatasi. Niliudaka. Ulikuwa wa baridi, na niliubana kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. "Ngoja," nilimwambia. "Ukiandika hata nukta, mkono huu utaondoka bila wewe."

Tukangoja. Kama kuna jambo gumu kwa mwenye hasira ni kukaa kimya, lakini nilikaa. Mama akalamba midomo, akataja jina la dada. Jina hilo Mama alikuwa akiliruka kwenye orodha yake tangu mazishi ya dada, miaka sita sasa, na kaka akaufunika uso kwa viganja vyote viwili. Wabeba machela wakaacha kuegemea machela yao. Dakika ikapita. Mama akataja jina la paka, na kaka akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio.

Kisha Mama akafumba macho.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu sekunde zilikuwa zinakwenda na daktari alikuwa ameshafunika kalamu yake.

Mama akafumbua macho. Hakuitazama picha tena. Alinitazama mimi, akataja jina langu, lote, pamoja na la ubatizo ambalo hulitumia nikikosea. Akainua mkono wake mzima, akapapasa kipara.

"Nani," alisema. Akapumzika. "Kaninyoa?"

Kaka alichukua ile karatasi yenye sahihi yake kutoka kwenye faili, akaichana vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni.

Nilidhani nitafurahi, na nilikuwa nimeshaandaa matusi ya ushindi kwa ajili ya Daftari. Lakini mgongoni kwake vijumba vilikuwa vimeanza kuwaka, kimoja baada ya kingine, taratibu. Nilivihesabu bila kutaka. Vilikuwa tisa.

"Wa kitanda cha sita," alisema, "nilimwonyesha picha ya mkewe, akataja jina la mama yake. Kisha alifungua tena mdomo. Nilikuwa nimeshaandika. Wa kitanda cha pili alifungua mdomo mara mbili. Bibi wa dirishani aliniomba ningoje." Akanigeukia. "Fundi, nao walikuwa hawajamaliza?"

Hapo hasira yangu ikakosa wa kumwangukia. Chini kwenye kabati langu kulikuwa na nakala za ripoti nane, kila moja kwa mwandiko wangu: *Sikuona ugonjwa wa kutosha kuua ubongo huu.* Nilikuwa naona. Niliandika nilichoona, nikatia sahihi, nikapeleka ofisini, na hakuna aliyesoma, nami sikuuliza kwa nini hakuna aliyesoma. Mara nane nilivua aproni nikaenda kula. Wa tisa, yule wa kitanda cha sita, alikuwa bado ndani ya ndoo ya dawa mezani kwangu. Glavu niliyovaa nilikuwa nimeivaa kwa ajili yake.

"Walikuwa hawajamaliza," nilisema.

Daktari alijikohoza. "Haya mambo tuyazungumze ofisini."

"Tutayazungumzia hapa hapa," nilimjibu, nikaivua ile glavu na kuitupa juu ya faili lake. "Daftari, wewe si ndiye usiyesahau? Anza na wa kitanda cha sita. Taja jina lake, na swali, na muda aliofungua mdomo. Nesi, andika. Akifika mwisho, mimi nitasoma ripoti zangu."

Daftari akaanza. Sauti yake ya upole ilikuwa inatetemeka, na sikumwonea huruma, wala sikujionea.

Mama akainua tena ule mkono wake mzima, akauelekeza mlangoni, upande wa wagonjwa wengine.

"Fungua," alisema. Akavuta pumzi. "Wasikie."