Gitaa la Egbert Tulloch, Kila Kitu cha Asili

Alhamisi hiyo, jua likiwa bado halijatua, Daktari Chevannes alitandika taulo la kuogea juu ya meza yake ya kulia, akalilaza gitaa la besi kifudifudi, akachukua bisibisi. Alitaka kulifungua shingo. Egbert Tulloch, ambaye tulimzika mwezi wa Februari, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani, akimngoja amalize ili apate kupiga.

Shingo ilitoka. Kwenye kitako chake, pale ambapo mbao hukutana na mbao, fundi wa Marekani alikuwa ameandika kwa penseli mwezi wa sita, mwaka 1960. Daktari akasoma kwa sauti kama mtu anayesoma Zaburi. Egbert akatikisa kichwa tu, maana hilo alilijua tangu ujana wake. Kisha daktari akaenda kunawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, kwa dawa, kwa sababu nyuzi za gitaa lile zilikuwa nyeusi na zinanata. Mtu huyu ni daktari wa meno. Kutwa nzima vidole vyake vimo vinywani mwa watu, anachokonoa usaha, halafu jasho la Egbert ndilo linalomtia kinyaa.

Uchafu ule ulikuwa na maana yake. Wapiga besi wa Kingston wa rika la Egbert hawakubadilisha nyuzi mpaka zikatike zenyewe. Nyuzi mpya zinalia kama vijiko sinkini. Nyuzi zilizokula jasho na ngozi na mafuta ya miaka mingi ndizo zinazotoa ule mlio mnene unaoingia kwa miguu na kutokea kifuani. Egbert alizidi wenzake. Alikuwa akila dagaa wa kukaanga kisha anashika gitaa bila kufuta vidole, na ukimwambia anakujibu kwamba mafuta nayo ni sehemu ya wimbo.

Gitaa alilipata Montego Bay, alipokuwa akipiga hotelini. Mwanamuziki mmoja wa kigeni alimuuzia, na Egbert alilipa kwa mishahara yake ya msimu mzima pamoja na saa ya baba yake. Lilikuwa la ule mtindo wa mwanzo kabisa, vifundo vya kupandishia sauti vimekaa kimoja juu ya kingine, mtindo ambao kiwanda kiliuacha upesi. Egbert hakujua kwamba ni adimu. Alijua ni zuri. Kwa kuwa kwetu Whitfield Town wezi hawalali, alikuwa akiliacha studio kwa Mzee Dacres, kama walivyofanya wapigaji wote. Ukimaliza kazi unatundika chombo chako ukutani, unakwenda nyumbani mikono mitupu.

Humo studio ndimo Egbert alimotunga ule mpigo ambao waimbaji wamekuwa wakiimba juu yake hadi leo, huyu na wimbo wa mapenzi, yule na wimbo wa Mungu, besi ni ileile. Kwenye santuri zote, mahali pa mtunzi, limeandikwa jina la Dacres. Dacres hawezi kupiga hata mluzi. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Egbert alichumia juani, na kivulini wakala wengine, wakajipangusa midomo, wakalala.

Kifua kilipomuua, Dacres alikuja msibani na chupa ya ramu, akamwambia mjane, Bi Icilda, pole sana shemeji. Icilda akamuuliza kuhusu gitaa. Dacres akasema kwamba kilichomo studio ni cha studio, akala samaki wawili, akaondoka. Kabla ya wiki kwisha gitaa lilikuwa limeshapanda mlima hadi Stony Hill, nyumbani kwa daktari, na Dacres ana gari jipya. Mimi nilimwona akipita nalo akipiga honi mtaani kwetu. Ptuu.

Sasa, sisi tuna desturi. Usiku wa tisa tangu kifo tunamwimbia marehemu aende zake, na kabla hajaaga tunageuza chumba chake: kitanda kinahamishwa upande mwingine, kabati linapelekwa palipokuwa na kiti, kioo kinafunikwa. Tunafanya hivyo ili akirudi asiitambue nyumba, akate tamaa, akapumzike. Na vile vile chombo chake cha kazi huwekwa mlangoni ili akiage. Fundi cherehani, cherehani yake. Seremala, randa yake. Usiku ule wa Egbert tuliimba, tukacheza dhumna, tukanywa, tukageuza chumba kwa bidii hata kitasa cha mlango tukakihamisha. Mlangoni hatukuweka kitu, maana kitu hakikuwepo. Tukasema si neno, Mungu anaelewa.

Jioni iliyofuata Egbert akaja. Icilda alikuwa uani akianua nguo. Marehemu akasimama kizingitini, akachungulia chumbani, akaona kitanda si pale, kabati si pale. Akamgeukia mkewe.

"Samahani, mama," akasema. "Nimepotea nyumba."

Icilda alilelewa kwamba maiti akikusemesha usimjibu. Akauma kanga mdomoni, akaendelea kuanua nguo. Egbert akagusa kofia yake kwa adabu, akatoka, akashika njia ya kupanda mlimani, kwa sababu alisikia gitaa lake liliko.

Daktari alipomkuta sebuleni alimwomba afute viatu. Halafu akampa gitaa, na Egbert akapiga. Alhamisi iliyofuata daktari aliita wageni: mawakili, mwenye maduka ya vioo, mke wa balozi fulani. Wakakaa kwenye makochi na sahani za mikate ya muhogo na kamba wa kukaanga, Egbert akawapigia. Hawakumpa hata maji, kwa maelezo kwamba wafu hawanywi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Baina ya wimbo na wimbo walikuwa wakiinama kumtazama vidole, mmoja akamshika kabisa kidole gumba na kukigeuza kama mtu anayechagua nyanya.

Daktari naye alizidi kujifunza. Alikuwa na majarida, alikuwa na miwani ya kukuzia, alikuwa akimpigia simu mfanyabiashara mmoja wa magitaa ya kale huko New York. Kutoka kwake alijifunza kutazama rangi chini ya kifuniko cha chuma, ambako jua halijafika. Alijifunza kwamba kile kipande cha sponji kilichooza chini ya kifuniko, kile cha kuzima mlio, ni cha kiwandani, na asithubutu kukitupa. Alijifunza kwamba skrubu moja ikibadilishwa thamani inashuka. Siku moja alimtajia yule mfanyabiashara kwamba gitaa hilo linakuja na mpigaji. Mfanyabiashara akauliza kama ni mpigaji wa kwanza au wa baadaye. Alipoambiwa ni yule yule, wa tangu mwanzo karibu, akasema basi asimtenganishe nalo, maana kitu kamili namna hiyo yeye hajawahi kukiona.

Habari zilimfikia Icilda kupitia Hyacinth, mfanyakazi wa nyumba ile, ambaye wanasali kanisa moja. Hyacinth alimwambia kwamba mumewe yuko Stony Hill, anapiga kila Alhamisi, na kola ya shati imechakaa. Icilda alivaa kofia yake ya kanisani, akapanda. Aliye juu mngoje chini, husema watu, lakini sisi tumengoja hapa chini mpaka miguu imeota mizizi.

Daktari alimpokea kwenye ngazi za nyuma. Icilda hakudai gitaa. Aliomba kuazimwa kwa usiku mmoja, aliweke mlangoni, Egbert aliage, aende. Alieleza vizuri, bila kulia.

"Mama," daktari akasema, "nakuelewa, wallahi nakuelewa. Lakini kitu hiki hakipelekwi mahali pa joto. Mbao zitapinda."

"Limekaa kwenye joto maisha yake yote, daktari."

"Ndiyo maana linahitaji kupumzika."

"Na yeye?"

Daktari akamwambia Hyacinth ampe mama maji ya baridi.

Icilda alikwenda polisi. Koplo alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kesi ipo, tena wazi kabisa, ila mwenye mali lazima aje kulalamika mwenyewe. Icilda akamkumbusha kwamba mwenye mali ni marehemu. Koplo akasema analijua hilo, alishamsikia akipiga siku ile alipopeleka wageni wa bosi wake, na anapiga vizuri mno, basi aje tu. Lakini Egbert alikuwa haendi pasipo gitaa, na gitaa lilikuwa haliendi pasipo daktari. Icilda akarudi nyumbani, akaita vijana, wakarudisha kitanda pale kilipokuwa, na kabati, na kitasa. Akalala na mlango wazi. Hakuja mtu, ila mbuzi wa jirani aliyekula pazia.

Halafu daktari akafanya kosa. Mke wa balozi alikuwa amelalamika kwamba gitaa linanuka dagaa. Lilikuwa linanuka kweli. Daktari akaagiza nyuzi mpya kutoka Miami, akavaa glavu zake za kazini, akazifungua zile za zamani, akasugua mbao kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Zile nyuzi alizitupa jikoni kwenye pipa, pamoja na maganda. Alhamisi Egbert akakaa, akaweka vidole, uzi mmoja ukalia ting. Akauondoa mkono. Akalilaza gitaa mapajani na kukaa hivyo hivyo hadi wageni walipoanza kuulizana magari yao yako wapi.

Hyacinth alizitoa nyuzi pipani, akazifunga kwenye gazeti, akampelekea Icilda. Wanawake wa mtaani walikusanyika wakazinusa, na wote wakasema ndiye. Bibi mmoja aliyejua mambo hayo akashauri zizikwe kichwani mwa kaburi. Alisema gitaa ni mbao tu, roho ya mtu imo katika nyuzi, na zikilala ardhini Egbert atalala nazo. Hatimaye! Sisi tulishaanza kutafuta jembe.

Icilda akasema kwanza aende akamuage mumewe. Alipanda na lile gazeti kwapani, akasimama na Hyacinth kwenye dirisha la jikoni. Ilikuwa Alhamisi, wageni hawakualikwa. Egbert alikuwa peke yake sebuleni na gitaa safi linalong'aa. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikitembea juu ya nyuzi bila kuzigusa, vikiutafuta ule mpigo wake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahau jina la mwanawe. Icilda alimtazama mpaka chai ya Hyacinth ikapoa. Alikuwa ameishi na mtu yule zaidi ya nusu ya umri wake na hakuwahi kumwona anashindwa kupiga.

Akaingia kwa mlango wa nyuma, akamkabidhi daktari gazeti.

Mimi nilimkasirikia. Wengi tulimkasirikia, na kuna waliomwambia usoni kwamba amemuuza mumewe mara ya pili. Alijibu kwamba kumlaza ni kumlaza, lakini kumlaza akiwa hakumbuki ni kumuua. Daktari alimshukuru sana, akazirudisha nyuzi kwa glavu, na kwa kuwa zilikuwa zimekauka humo gazetini, akamuuliza zilikuwa zikipakwa nini. Icilda akamwambia. Daktari akakunja pua, akafikiri, akamwajiri.

Siku hizi Bi Icilda hukaanga dagaa Stony Hill kila Alhamisi. Kabla wageni hawajafika anampelekea Egbert sahani kwenye kiti chake, naye anakula kwa vidole na havifuti. Mlio umerudi, mnene kuliko zamani. Yule mfanyabiashara wa New York amekuja mwenyewe na kamera yake. Daktari alisimama katikati ya sebule, glasi mkononi, akamwonyesha kimoja kimoja: shingo ya asili, vifundo vya asili, sponji ya asili, nyuzi za asili, mpigaji wa asili. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlango wa jikoni, ambapo Icilda alikuwa amesimama na kijiko cha kukaangia.

"Na mke," akasema, "wa asili."

Wageni wakapiga makofi. Wengine walikuwa na mafuta ya dagaa wake kwenye videvu, na makofi yao yalikuwa na sauti ya mate.

Icilda akamwekea Egbert sahani. Kitanda chake huko Whitfield Town kimerudi mahali pake, lakini kichwani mwa Egbert nyumba ile ilishageuzwa, na mwenye nyumba kageuzwa nayo. Akamtazama kwa adabu ileile ya siku ile kizingitini.

"Asante, mama," akasema. "Mke wangu naye huwakaanga hivihivi."

"Uliniambia juma lililopita," Icilda akajibu, akachukua sahani iliyokwisha, na daktari akagonga glasi yake kwa kijiko ili muziki uanze.