Jumamosi Tatu za Rajabu

Rajabu, karani wa reli, alikuwa amenifunga tenisi mara kumi na tisa mfululizo kwenye kiwanja chetu cha udongo pale Gerezani, na kila mara akiniuliza kama ile raketi nimeazima kwa bibi yangu. Ilipokuja barua ya kumhamishia Tabora, nikabakiwa na Jumamosi tatu za kulipiza. Ya kwanza nilikimbilia mpira wake, nikaanguka, nikaulalia mkono wa kulia. Kifundo kikalia kama ukuni mkavu.

Mama akanipeleka Msimbazi kwa Bibi Mwanamkuu, fundi wa mifupa. Alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto hata Kiingereza chote cha shule kikanitoka, akanifunga gango la mwanzi. Kisha, kama ilivyo ada yake, akavunja mguu wa jogoo mchanga, akamfunga gango kama langu, akanikabidhi. Siku jogoo atakapokanyaga bila kuchechemea, ndipo nami nitafunguliwa.

Sijapata kumbembeleza mtu kama nilivyombembeleza jogoo yule. Nilimlisha mchele wa dukani kwa baba, nikamsomea na gazeti. Jumamosi ya pili ikapita amejilalia. Nilikaa barazani nikisikiliza Rajabu akicheza na wengine, na kila mpira ulipogongwa nilimsukuma jogoo asimame.

Ijumaa nikaenda sokoni Kariakoo, nikanunua kuku wa rangi ileile, nikamfikisha kwa Bibi akitembea kama askari wa gwaride. Sisi wauza mchele kuku tunamjua akiwa kwenye pilau. Nikatoa shikamoo ndefu.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akasema, akimpapasa upanga wa kichwani. “Jogoo wangu kapona kwelikweli. Kapona mpaka kawa tembe, karibu atataga.”

Gango hakuligusa.

Jumamosi ya mwisho nikaenda kutazama tu. Wenzetu walipoondoka, Rajabu akahamishia raketi mkono wa kushoto, akaniita uwanjani. Tukacheza sote kwa kushoto, mipira ikiruka hadi relini, tukicheka na kuokota. Nikamshinda.

“Hii haihesabiki,” nikasema.

“Basi njoo Tabora tuihesabu.”

Kesho yake akapanda treni. Mkono ulipona mwezi uliofuata. Siku hizi alasiri naupiga mpira kwenye ukuta wa karakana ya reli. Ukuta unarudisha mipira yote, wala hausemi neno.